Mita Tisini Kutoka Ufukweni

Sura ya 21 ya Injili ya Yohana inasimulia kazi ya usiku mmoja ziwani. Wanafunzi saba wanapanda chomboni, wanavua mpaka alfajiri, hawapati kitu. Kunapoanza kupambazuka kuna mtu amesimama ufukweni, anawaita, anawauliza kama wana kitoweo. Hawamtambui. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume, wavu unajaa hadi hauvutiki, na hapo ndipo mmoja wao anamwambia Petro kwamba yule ni Bwana. Mhubiri akifika mahali hapa ana mengi ya kusema juu ya imani iliyofifia na macho ya moyo. Mchoraji hana nafasi hiyo. Mbele yake kuna karatasi moja, na inambidi aamue mambo ya kawaida kabisa: mwanga unatoka upande gani, mtu yule yuko mbali kiasi gani, na imekuwaje watu waliotembea naye siku zote wamtazame na wasimjue. Akikosea hapo, picha nzima inasema uongo hata kama kila samaki amechorwa na magamba yake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba majibu ya maswali hayo yapo wazi kila asubuhi katika ufukwe wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na kwamba rangi ya maji, ambayo wengi wanaihesabu kuwa kitu cha watoto wa shule, inaisoma habari hii vizuri kuliko rangi nyingine yoyote.

Tuanze na mahali. Uvira iko pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa. Nyuma ya mji milima ya Mitumba inapanda ghafla hadi zaidi ya mita 3,000; mbele ni maji, na ng'ambo ni Bujumbura na milima ya Burundi. Mto Ruzizi unaingia ziwani kutoka kaskazini. Sasa chukua ramani ya Galilaya. Mapokeo ya Kikristo yanaiweka habari hii Tabgha, karibu na Kapernaumu, pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa lile. Mto Yordani unaingia kutoka kaskazini. Ng'ambo ya mashariki ni miinuko ya Golan. Vitabu vya jiografia vya zamani vilizoea kuyaweka maziwa haya mawili katika bonde moja kubwa la ufa, ingawa wanajiolojia wa leo wanazitenganisha nyufa hizo. Kwa ukubwa hayalingani hata kidogo. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na kina cha mita 40 na kitu, na liko mita 210 hivi chini ya usawa wa bahari. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, kina chake kinafika mita 1,470, nalo liko mita 770 hivi juu ya usawa huo. Lakini mchoraji hachori kina. Anachora mwanga, na mwanga wa pwani hizi mbili una tabia moja: jua linachomoza juu ya maji, mgongoni mwa mtu aliye chomboni anayerudi nyumbani.

Tabia hiyo ndiyo ufunguo. Mvuvi anayeelekea Kalundu, bandari ya Uvira, alfajiri anaona vilele vya Mitumba vikishika rangi kwanza, njano ya ndizi inayoanza kuiva, huku mji ulioko chini bado umo katika kijivu cha usiku. Mwanga unateremka mlimani polepole, kama mtu aliyebeba mzigo kwenye njia yenye utelezi. Mpaka ufike mchangani, aliyesimama pale ni kivuli mbele ya kivuli kikubwa zaidi. Yohana anataja hata umbali: dhiraa mia mbili, yaani mita 90 hivi, pungufu kidogo ya goli hadi goli katika uwanja wa mpira. Kwa umbali huo na saa hiyo unaona kwamba kuna mtu. Huoni ni nani. Sauti lakini inafika. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka milimani kuelekea ziwani, na hewa iliyo baridi juu ya maji yaliyotulia hubeba sauti mbali. Kwa hiyo wanafunzi wanamsikia kabla ya kumwona, wanamtii kabla ya kumjua. Hakuna haja ya kudhani kwamba macho yao yalifungwa kwa muujiza. Jiografia inatosha, na mwandishi wa Injili, anayeonekana kuijua vizuri kazi ya ziwani, ameziweka saa na umbali ndani ya habari ili msomaji afike mwenyewe.

Kazi yenyewe nayo inafanana. Wavuvi wa Uvira hutoka jioni, na katika giza la ziwa huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, leo nyingi ni balbu za betri au za jua. Ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, hupanda kuufuata mwanga, kisha wavu uliotandazwa chini huinuliwa. Siku za mbalamwezi mavuno hupungua, kwa sababu taa ya mvuvi haina nguvu mbele ya taa ya mbinguni, na wengi hupumzika. Kurudi mtumbwi mtupu ni jambo linalojulikana katika kila nyumba ya wavuvi. Halihitaji maelezo ya mfano. Wa Galilaya pia walivua usiku, ingawa kwa nyavu za aina nyingine. Kuna jambo dogo zaidi ambalo msomaji wa Uvira analipata bure. Katika Kigiriki cha Yohana, samaki walio juu ya moto ufukweni hawaitwi kwa neno lile lile la samaki wakubwa walio wavuni. Wanaitwa kwa neno lenye asili ya kitoweo, samaki mdogo wa kulia chakula. Wale wa wavuni ni wakubwa, nao wanahesabiwa mmoja mmoja: 153. Anayenunua pale ufukweni anajua tofauti hiyo bila kusoma Kigiriki: ndagala hupimwa kwa beseni, mkeke, samaki mkubwa zaidi, huhesabiwa. Mchoraji anayejua hivyo hatachora samaki wa aina moja kila mahali.

Hapa pingamizi la kwanza linakuja, na ni la haki. Galilaya si Tanganyika. Habari hii inadai kuwa ilitokea mahali fulani, kwa watu fulani. Ukiihamishia Uvira unaweza kuigeuza hadithi isiyo na kwao. Jibu bora ninalolijua liko Geneva. Mwaka 1444 mchoraji Konrad Witz alichora habari hii hii ya Yohana 21 kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Petro la mji huo, akachanganya humo na Petro anayezama majini. Badala ya Galilaya aliweka Ziwa la Geneva, na ufukwe wake, na milima yake, na nyuma kabisa theluji ya Mont Blanc. Wanahistoria wa sanaa wanaihesabu picha hiyo kuwa miongoni mwa za kwanza katika Ulaya kuonyesha mandhari ya mahali halisi panapotambulika. Kwa maneno mengine, moja ya safari za kwanza za mchoraji wa Ulaya kutazama kwa makini nchi yake mwenyewe ilitokana na kusoma sura ya wavuvi. Hakuna aliyetoka mbele ya picha ile akidhani kwamba Petro alikuwa mtu wa Savoy. Kila mtazamaji alijua anachoonyeshwa: kilichotokea kule kinaeleweka hapa. Uvira ina haki hiyo hiyo, na kwa upande wa mwanga na kazi ya usiku naona ina hoja yenye nguvu kuliko Geneva.

Mwingine atasema dawa ni kwenda huko huko. James Tissot, Mfaransa, alifanya hivyo. Alisafiri Palestina mwaka 1886 na tena 1889, akarudi na madaftari ya michoro na picha za kamera, akatengeneza picha 350 za maisha ya Yesu kwa rangi ya maji. Sehemu kubwa ya picha hizo ilionyeshwa Paris mwaka 1894, na mwaka 1900 Jumba la Makumbusho la Brooklyn, Marekani, likazinunua kwa michango ya watu. Ni kazi kubwa, na katika nyingine uangalifu wake unashangaza. Lakini Tissot aliamini kuwa nguo na nyumba alizoziona Palestina ya karne ya 19 zilikuwa zile zile za siku za Yesu, miaka zaidi ya 1,800 nyuma. Alipodhani anachora historia, alikuwa anachora watu wa wakati wake, kama Witz, ila bila kukiri. Wachoraji wa Afrika waliofuata walikuwa wakweli zaidi katika jambo hili. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, kati ya 1956 na 1959, picha tano kubwa ukutani, toka kuzaliwa kwa Yesu hadi msalaba, zikiwa na watu weusi na nchi ya Wakikuyu. Kaskazini mwa Kameruni, katika miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Mafa waliigiza Injili wenyewe, wakapigwa picha katika mikao yao, na picha hizo zikawa msingi wa michoro inayotumika leo katika makanisa ya nchi nyingi. Njia ya Mafa inanivutia hasa kwa sababu ilianza na mwili: mtu anasimamaje akishangaa, anainamaje akivuta wavu. Hilo halipatikani kwa kununua tiketi ya meli.

Kuna hatari ya upande wa pili, na ni vizuri isemwe. Mtu akishapata ruhusa ya kuihamisha habari, anaweza kuanza kupamba. Anaweka mitende, ngoma, kitenge cha maua, mwanamke mwenye mtungi, mpaka picha inafanana na kalenda ya kampuni ya bia. Habari ya Yohana 21 haihitaji hata kimoja cha vitu hivyo. Mkate, kwa mfano, ningeuacha uwe mkate. Bugali ndicho chakula cha Uvira, kweli, lakini mkate unauzwa kila kona ya mji na hakuna atakayepotea akiuona karibu na makaa. Kinachohamishwa ni kile tu kinacholifungua andiko: mwanga, umbali, milima, taa zilizozimwa mtumbwini.

Sasa tuje kwenye rangi. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mti, ile itokayo kwenye migunga ya Sudan na nchi za jirani, na kuyeyushwa kwa maji. Sifa yake kubwa ni kwamba inapitisha mwanga: unaona karatasi kupitia rangi, kama unavyoona mchanga kupitia maji machache ya ufukweni. Matokeo yake ni kanuni moja kali. Nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi iliyoachwa. Mchoraji wa rangi ya mafuta akisahau mwanga kwenye kilele cha mlima, anauongeza kesho kwa brashi. Wa rangi ya maji hana kesho. Kabla ya kulowesha brashi lazima ajue mwanga utakaa wapi mpaka mwisho, azunguke sehemu hiyo na asiiguse. Hii inamlazimisha asome andiko zima kwanza. Wako wachoraji, na wahubiri pia, wanaoanza Yohana 21 kwa kishindo cha wavu uliojaa kisha wanatafuta pa kumweka mtu wa ufukweni. Kwa rangi ya maji kosa hilo linaonekana ndani ya dakika kumi.

Kongo si mgeni wa rangi hii. Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, aliona picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba huko Bukama, Katanga. Alimpa mchoraji wake, Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Mkewe Antoinette Lubaki naye alichora, na baadaye huko Kasai akapatikana fundi cherehani aliyejulikana kwa jina la Djilatendo. Kazi zao zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930 na Paris mwaka 1931, kisha wenyewe wakasahauliwa kwa miongo mingi. Mwaka 2015 onyesho kubwa la sanaa ya Kongo huko Paris lilichagua 1926 kuwa mwaka wa kuanzia hesabu yake. Walichora wanyama, watu, hadithi za kwao. Lakini tazama wanavyoitumia karatasi: chui mmoja, watu wawili, na pande zote weupe mtupu, pengine na mstari wa rangi uliozungushwa kama fremu. Hawakuogopa nafasi tupu. Karibu miaka mia imepita na bado nafasi zile zinapumua. Ni urithi wa karibu zaidi kwa mchoraji wa Uvira kuliko kitabu chochote cha mafunzo kitokacho Ulaya.

Ichukulie basi habari ya wavuvi na uitazame toka mtumbwini, kwa kuwa andiko linasimulia wanachokiona wao. Witz alisimama ufukweni, akamweka Yesu mkubwa upande wa kulia katika vazi jekundu, na kwa hiyo picha yake inajua jambo ambalo wanafunzi bado hawalijui. Toka mtumbwini hali ni nyingine. Karatasi nzima inaloweshwa. Juu, penye vilele, panaachwa njano hafifu sana, karibu karatasi yenyewe. Chini yake inakuja buluu nzito iliyochanganywa na kahawia ya udongo wa kuchoma, rangi mbili ambazo zikikutana hutoa kijivu chenye joto; chembe za buluu huzama katika vinyweleo vya karatasi na kuacha vumbi linalofanana kabisa na ukungu wa chini ya Mitumba. Karatasi ikiwa bado na unyevu, mtu wa ufukweni anawekwa kwa mguso mmoja wa brashi. Kingo zake zinatawanyika. Hana uso, hana vazi la kutambulika, ni wima tu mahali ambapo vitu vingine vyote vimelala. Hayo ndiyo maelezo ya kutomtambua, na hayakuongezwa na mchoraji. Maji yenyewe ndiyo yanayofanya. Kisha karatasi inapokauka, brashi inaanza kutoa kingo kali: kamba ya wavu, mkono ulioishika, kichwa kilichogeuka. Kile kilicho mbali na kisichojulikana kimelowa, kile cha karibu na cha hakika kimekauka. Mchora vibao wa mjini, mwenye rangi zake za mafuta zinazong'aa na kingo zilizokatwa kwa wembe, ningempa Daudi na Goliathi bila kusita. Kwa sura hii ana zana isiyofaa.

Petro analeta tatizo tamu. Andiko linasema alikuwa uchi, au karibu uchi, na aliposikia kuwa ni Bwana alijifunga vazi lake kisha akajitupa majini. Wafafanuzi wengi wamejikuna kichwa: nani anavaa ili aogelee? Kiswahili kina bahati yake hapa, maana kwetu mtu huvua samaki na huvua nguo kwa kitenzi kimoja, na mvuvi anayevuta wavu akiwa kifua wazi si habari. Anayejua adabu ya pwani hii hashangai pia kuhusu vazi. Humfikii mkubwa ukiwa kifua wazi, hata kama nguo itafika imelowa chapachapa. Petro hakuwa anajiandaa kuogelea. Alikuwa anajiandaa kufika. Mchoraji aliyeelewa hivyo atachora dakika ya katikati, mkono mmoja ukifunga kiunoni na mguu mmoja tayari ukingoni mwa mtumbwi, nayo ni dakika ngumu kuichora.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na Uvira linasikika pande zote. Wamisionari Wapentekoste wa Sweden walianza kazi mashariki mwa Kongo mwaka 1921, na makanisa yaliyotokana nao yanaichukua amri ya Kutoka 20 dhidi ya sanamu kwa uzito wote. Wakatoliki, waliopata jimbo la Uvira mwaka 1962, wana desturi tofauti. Kwa hiyo katika mtaa mmoja jirani mmoja ana picha ukutani na mwingine anaona hapo kuna hatari. Sidhani kwamba hofu hiyo ni ya kuchekwa. Picha ina nguvu ya kukaa kichwani: mtu aliyelelewa na Yesu mmoja wa kalenda, mwenye nywele za dhahabu, hupata shida kumwondoa hata akiwa mzee. Ile picha ya Witz yenyewe iliwahi kushambuliwa. Mwaka 1535, wakati wa Matengenezo, watu wa Geneva waliingia kanisani na kuharibu sanamu, na kwenye ubao wa Witz walichokwaruza hasa ni nyuso. Milima waliiacha, ziwa waliliacha. Walijua ugomvi wao uko wapi.

Ndiyo maana naona sura ya 21, ikichorwa kwa uaminifu, inawafaa hata wenye wasiwasi. Kwa mita 90, kabla ya jua kufika mchangani, hakuna uso wa kuchora. Anayeuchora anaongeza kitu ambacho andiko limekizuia. Mtu wa ufukweni anabaki mguso mmoja wa kijivu, na hakuna anayeweza kupiga magoti mbele ya mguso wa kijivu. Mwenye msimamo wa kukataa kila mfano wa kilicho juu mbinguni na chini duniani hataridhika, na sina jibu litakalomridhisha. Ana amri yake na anaifuata. Lakini kwa wengi walio katikati, wanaoogopa tu kwamba picha itachukua nafasi ya neno, rangi ya maji inalirudishia neno nafasi yake: mtazamaji haelewi picha mpaka asome sura, kwa kuwa picha imekataa kumwambia yule ni nani.

Pingamizi la tatu linahusu karatasi. Kwa nini mtu apoteze muda na kitu kinachoogopa unyevu, mchwa na jua, tena Uvira? Huu ni mji ambao mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na ambao miaka iliyofuata uliona ziwa likipanda na kuingia vyumbani mwa watu wa ufukweni. Kusema ukweli, mafuriko kama yale hayachagui. Turubai ya rangi ya mafuta nayo ingekwenda na matope. Kuhusu jua, tatizo ni la kweli na lina historia. Mwaka 1888 wataalamu wawili, Russell na Abney, walitoa Uingereza ripoti maarufu iliyothibitisha kwa majaribio kuwa rangi nyingi za maji hufifia zikikaa kwenye mwanga, hasa nyekundu zitokanazo na mimea na wadudu, wakati rangi za udongo wenye chuma hudumu. Watunza sanaa wa Dublin wana suluhisho lao: picha za rangi ya maji za mchoraji Turner walizorithi kwa Henry Vaughan mwaka 1900 huonyeshwa kila Januari tu, mwanga wa jua ukiwa dhaifu kuliko miezi mingine, kisha hurudishwa gizani. Karatasi inadumu ikitunzwa kama inavyotunzwa Biblia ya familia: imefungwa, imewekwa juu, inafunguliwa siku yake. Kazi za akina Lubaki zimeishi hivyo. Na ukubwa wake mdogo una faida ambayo watu wa Uvira, waliokimbia zaidi ya mara moja, wanaielewa haraka. Inaingia kwenye begi.

Imebaki rangi moja ambayo sijaitaja, na kuichelewesha ni sehemu ya ufundi. Yesu amewasha moto wa makaa, na neno la Kigiriki la moto wa namna hiyo linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapa, na katika sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro alipoota moto na kukana kwamba ni mwanafunzi wa mtu yule. Yohana hakutumia neno la moto wa kawaida. Alitaka Petro atoke majini, na nguo yake imelowa, akutane na harufu ile ile. Mwenye mbabula, jiko la makaa, nyumbani anajua kinachofuata kwa macho: makaa huwa mekundu kabisa wakati kungali giza, na jua likiyafikia hugeuka kijivu ingawa yangali ya moto. Kwa hiyo katika picha nzima ya vijivu na buluu kuna doa moja jekundu, dogo kuliko ukucha, miguuni mwa yule asiyetambulika, na lina kingo kali kwa sababu limewekwa juu ya karatasi iliyokauka. Kwa nyekundu hiyo ningetumia udongo wa chuma, usiofifia. Likiwekwa mapema, karatasi ikiwa na unyevu, litatambaa na kuwa waridi la mawingu, na moto umepotea. Kiangazi, upepo wa kusini unapovuma ziwani, karatasi inakauka kabla chai haijapoa. Masika mchoraji wa Uvira huenda akangoja mpaka karibu adhuhuri, brashi ikiwa tayari na rangi yake kwenye sahani, jua likiwa limekwisha kufika mchangani zamani na wavuvi wamekwisha kuhesabu samaki wao.